Sinia la Watu Wanane

Wako watu watakuambia kwamba mtu hawezi kula kwa niaba ya mwenzake. Basi hao hawajamjua Malek Kurban wa Kanyenye, maana yeye alikula kwa niaba ya watu saba kwa muda wa miaka mitatu, kila siku ya Mungu, na hakuna hata mmoja kati ya hao saba aliyeshiba.

Tumjue kwanza. Malek ana miaka sitini na saba. Amezaliwa Tabora, baba yake kazaliwa Tabora, na babu yake ndiye aliyekuja kwa kuifuata njia ya misafara, akauza vyombo, akazeeka akiuza vyombo. Duka lao liko Kanyenye mpaka leo. Lina sufuria, mabeseni, chupa za chai, miiko, na sahani za kila namna: za bati, za udongo, za plastiki zenye maua, za watoto zenye picha ya bata. Ukiingia kwa Malek ukakosa sahani unayoitaka, jua unachotafuta si sahani. Lakini nyuma ya duka, nyumbani kwake, palikuwa hapana sahani hata moja. Usicheke, bado.

Malek ni Bohora, Mwislamu wa asili ya Kihindi, na Mabohora wana namna yao ya kula. Hutandikwa kitambaa sakafuni, juu yake kigoda cha duara, juu ya kigoda sinia kubwa, na watu wanane hulizunguka, kila mtu na upande wake. Huanza kwa kuonja chumvi. Kisha huja kitamu, ndipo wali na mchuzi. Sinia likishawekwa haliachwi peke yake, lazima pawe na mtu amekaa nalo, na chakula hakibakizwi hata punje. Ni adabu nzuri, hakuna anayebisha. Ila iliwekwa kwa ajili ya watu wanane.

Wanane wenyewe walipukutika. Wazee walikufa mmoja baada ya mwingine, shangazi akahamia Mwanza, binamu wakafuata biashara Dar es Salaam. Zeeshan, mtoto pekee, akaenda Toronto kutengeneza lifti. Halafu Alifya, mke wa Malek, akaugua siku nne tu, ya tano akazikwa. Arobaini ilipokwisha na watu wakatawanyika, Malek alipika, akatandika kitambaa, akaweka sinia, akaonja chumvi, akala upande wake. Alipomaliza akainua macho, akaona pande saba zinamtazama.

Mtu mwingine angepika kidogo kesho yake, na yeye alijaribu, nisimsingizie. Alipika kikombe kimoja cha mchele akakiweka katikati ya lile sinia, kikaonekana kama kitu kilichodondoshwa na ndege. Akaona aibu, sijui alimwonea nani. Siku iliyofuata alirudia kipimo cha Alifya, na hapo ndipo alipoanza kuhama. Alikula upande wake, akahamia kwa marehemu baba akala harakaharaka kama baba, akahamia kwa shangazi akatenga pilipili pembeni, akahamia kwa Zeeshan akachagua zabibu kwanza. Kwa Alifya alifika mwisho. Hapo alikula taratibu, akamweleza habari za dukani: nani kanunua nini, na beseni gani limepasuka. Na vitamu navyo, tambi za sukari, halua, kaimati za Ijumaa, vyote vililiwa mara nane. Angeviacha vipi?

Siku moja muuza mkaa alikuja akabisha hodi wakati wa chakula. Sinia haliachwi, na Malek alikuwa peke yake. Muuza mkaa akagonga mpaka akakata tamaa. Anageuka kuondoka, mlango ukafunguka. Akamkuta Malek amekaa sakafuni, na mbele yake sinia na kigoda na kitambaa, vyote amevikokota ukumbini hadi mlangoni.

"Mnakula?" akauliza muuza mkaa.

"Tunakula," akajibu Malek, na asimkaribishe.

Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Tabora hii mtu akikukuta unakula unasema karibu, hata kama sufuria imebaki ukoko. Malek naye alilelewa hivyohivyo. Lakini alijiuliza, nimkaribishe akae wapi, na pande zote zina wenyewe? Mtu akikaa peke yake muda mrefu, mambo ya kipuuzi huanza kumwingia akilini kwa mpangilio mzuri kabisa.

Kila Alhamisi, saa saba na nusu, Zeeshan alipiga simu, na Malek akaipokea dukani, kwa sauti tu, ili nyuma yake zisikike kelele za barabara.

"Baba, unakula vizuri?"

"Tunakula vizuri."

"Na nani?"

"Ah, tuko wengi. Na wewe?"

"Sisi huku tuko wengi mno. Hata pa kukaa hapatoshi."

Walikuwa wakifarijiana hivyo. Kisha Zeeshan, ambaye hakuwahi kufika mama yake angali hai, alimaliza kwa maneno yaleyale: "Baba, siku daktari akitaja neno moja tu juu yako, napanda ndege nakuja kukuchukua. Tunafunga duka, basi."

Malek hakuogopa kufa. Aliogopa kuchukuliwa. Alikuwa ameiona Toronto kwenye picha, nyeupe tupu, na akajua wazi kwamba atakufa huko mwezi wa kwanza, tena bila mtu wa kumtania. Na kaburi la Alifya liko Tabora. Kaburi huwezi kulikunja ukalitia kwenye begi.

Sasa sikia kilichompata. Siku ya upimaji wa bure ilitangazwa kwa kipaza sauti, sukari na presha, mje asubuhi bila kula. Hema likasimamishwa uwanjani. Malek alikwenda akapanga foleni, akatobolewa kidole, akaambiwa asubiri pembeni. Badala ya kusubiri pembeni akarudi mwisho wa foleni. Alipofika mbele akatolewa damu tena, na nesi mwingine. Akarudi tena mwisho. Mara ya tatu alikaa mbele ya nesi yuleyule wa kwanza, Gaudensia, mama wa makamo mwenye sauti ya chini na subira ambayo alikuwa ameimaliza tangu mwaka wa kwanza wa kazi.

"Shikamoo tena, mzee."

"Marahaba."

"Hiki ni kidole cha tatu."

Malek akakitazama. "Nilitaka kuhakikisha."

"Sita nukta nne. Sita nukta nne. Sita nukta tano. Umehakikisha. Kilichokurudisha kwenye foleni mara mbili ni nini?"

Angeweza kusema kweli. Angesema kwamba aliyemtangulia foleni ya kwanza alimsimulia mbuzi wake aliyepotea tangu Jumatatu, na wa foleni ya pili akamwomba amshikie mtoto afunge kamba ya kiatu, na mtoto akamvuta ndevu, na kwamba alikuwa hajavutwa ndevu miaka mingi. Akasema, "Jua lilikuwa zuri."

Gaudensia akaandika kitu. "Sukari ikifika saba asubuhi hujala, hicho ni kisukari. Wewe bado, ila umeshashika kitasa. Vitamu unakula?"

"Kidogo." Na kwa kila upande kweli ilikuwa kidogo.

"Nyumbani mnakula wangapi?"

"Wanane," alisema Malek. Lilitoka lenyewe, na wala hakuhisi amesema uongo.

Gaudensia akaweka kalamu chini. "Nakuuliza kwa sababu siku hizi upweke nao tunauhesabu. Wamefuatilia watu miaka na miaka, huko nchi za wenzetu, wakaona wapweke wanapata kisukari kuliko wenye watu. Kwa nini, bado wanabishana. Mpweke halali vizuri, hatembei, roho iko juu muda wote, na hana wa kumwambia acha hiyo, inatosha. Sasa wewe una watu saba wa kukuambia inatosha. Mbona hawakuambii?"

"Wana adabu sana."

"Basi na wao nitawapima. Damu ya ukoo ni moja. Alhamisi saa saba nitapita kwako, kabla hamjala." Akaitazama kadi. "Mtu wako wa karibu umeandika Zeeshan, namba ya nje. Nitampigia nimweleze."

"Usimpigie," akasema Malek. "Njoo kwanza utuone."

"Nikiwakuta wanane mnakula, na kuna mtu mzima wa kukuangalia, sina sababu ya kumpigia. Nisipowakuta, nampigia palepale."

Malek alirudi Kanyenye kwa miguu huku anahesabu. Leo Jumanne. Watu saba. Alikuwa na siku moja na nusu ya kutafuta ukoo.

Mbele ya duka lake, barazani, alikaa Masolwa, muuza asali. Ni mzaliwa wa Igunga aliyeoa Kwihara, na huko Kwihara ndiko anakoishi. Kila asubuhi huja na baiskeli na madumu mawili ya asali, huipima kwenye chupa. Miaka kumi na moja alikuwa amekaa pale. Walisalimiana asubuhi, waliagana jioni, na hapakuwa na neno jingine katikati zaidi ya mvua. Jumatano asubuhi Malek akatoka na kigoda akakaa karibu naye, akamweleza yote, na foleni na vidole na Toronto. Habari ya sinia ilimshinda kuisema, akasema tu, "Naishi peke yangu."

Masolwa alifunga kizibo cha chupa taratibu. "Mzee, miaka kumi na moja niko barazani kwako. Leo ndio unanikaribisha ndani, tena unanikaribisha niwe ndugu yako kabisa. Hapa katikati hapakupita hata kikombe cha maji?"

"Nisamehe, Masolwa."

"Nimeshasamehe. Lakini nitakusema mpaka nizikwe." Akafikiri. "Nitakuwa nani wako?"

"Mdogo wangu."

"Mdogo wako, mweusi hivi?"

"Mama tofauti."

"Na baba?"

Malek naye akafikiri. "Baba tofauti."

"Haya, basi undugu umekamilika."

Masolwa ndiye aliyeutafuta ukoo uliobaki, na aliutafuta palepale barazani. Alimchukua Julieth, fundi cherehani wa mlango wa pili. Alimchukua Fikiri, fundi baiskeli, mwenye ndevu kumzidi Malek. Alimchukua mama Najiat wa mchicha pamoja na mdogo wake, ambaye hajulikani kwa jina kwa sababu dada yake ndiye anayesema kwa niaba ya wote wawili. Na alimchukua Mzee Dionis, mkuu wa stesheni ya Kigwa mstaafu, ambaye huja mjini kila siku kuuliza saa ya treni ambayo hana mpango wa kuipanda. Wa nane angekuwa Ng'washi, mke wa Masolwa.

Kila mmoja alipewa ruhusa ya kujichagulia undugu, na hilo lilikuwa kosa. Julieth alisema yeye ni mkwe. Fikiri akasema mjukuu. Mama Najiat na mdogo wake wakasema wao ni shangazi, wote wawili, na hawapunguzi. Mzee Dionis alikuwa anasoma gazeti na hakusikiliza vizuri, akasema tu, "Mimi mniweke popote penye heshima."

Alhamisi, kabla ya saa saba, wakavua viatu wakaingia. Malek alikuwa amepika tangu alfajiri: tambi za sukari na zabibu, wali wa dengu, mchuzi wa kuku, sambusa. Akawaonyesha jinsi ya kukaa, akawaeleza utaratibu.

"Chumvi kwanza, halafu sukari, halafu wali," akarudia Masolwa. "Mzee, nyie mnakula kwa kurudi nyuma."

"Kila mtu ale upande wake. Na sinia haliachwi. Mtu asiinuke wengine hawajamaliza."

"Hata kwenda chooni?" akauliza Fikiri.

"Nenda sasa hivi."

Walikaa saba. Ng'washi hakutokea. Palitangazwa msiba Kwihara asubuhi ile, na msiba hauahirishwi kwa ajili ya sinia la mtu. Nafasi moja ikabaki tupu, na hakuna aliyepanga ibaki ipi. Kila mtu alikaa alipojikuta. Malek alipotazama, akaona iliyobaki ni ya Alifya.

Gaudensia alifika saa saba kamili na mkoba wake. Akapokea shikamoo za wadogo, akatoa za kwake kwa wakubwa, akaketi kwenye kiti pembeni, akatoa kimashine na vijiti. Akampima mmoja mmoja na kuandika.

"Wewe ni nani wa mzee?"

"Mkwe," akasema Julieth.

"Wewe?"

"Mdogo wake," akasema Masolwa. "Mama tofauti, baba tofauti."

Kalamu ikasimama kidogo, ikaendelea. Sukari ya Masolwa ilikuwa nne nukta tisa, na Gaudensia akaisoma mara mbili aliposikia anauza asali. Akafika kwa Mzee Dionis, ambaye gazeti alikuwa ameliacha nje na hivyo hakuwa na pa kujificha.

"Na wewe baba?"

Dionis akapitia kichwani nafasi zote, akaona mkwe kachukuliwa, mdogo kachukuliwa, mjukuu kachukuliwa, shangazi ni wawili. "Mwanawe wa kwanza," akasema.

"Una miaka mingapi?"

"Sabini na nne."

"Na mzee?"

"Sitini na saba," akasema Malek kwa sauti ndogo.

Mama Najiat akaangalia dari.

"Alinizaa mapema," akasema Mzee Dionis.

Gaudensia akaandika na hilo. Kisha akahesabu kwa kalamu, akiinyoosha kwa kila kichwa. "Saba. Wa nane yuko wapi?"

"Yuko njiani," wakajibu watu watano kwa pamoja.

"Haya, kuleni. Nataka kuona mnavyokula."

Wakaonja chumvi. Tambi zikazunguka, na kila mtu akapata matonge matatu ya nguvu, zikaisha upande wake. Malek, kwa mazoea ya miaka mitatu, akasogea kidogo kuelekea upande wa kulia na kupeleka mkono kwenye tambi za nafasi tupu. Masolwa akaupiga ule mkono kofi dogo bila hata kumwangalia.

"Mzee, ya kwako imekwisha. Inatosha."

Malek akaurudisha mkono. Ni ajabu, lakini kofi lile lilimfurahisha kuliko tambi zenyewe. Gaudensia aliliona.

Wakaingia kwenye wali, na hapo simu ikalia.

Yarabi. Saa saba na nusu, Alhamisi. Kwa hofu ya nesi, Malek alikuwa amemsahau mwanawe. Simu ilikuwa kwenye rafu nyuma ya Masolwa, na mkono wa Malek umejaa wali. "Iache," akasema, lakini Masolwa alikuwa ameshaichukua kwa mkono wa kushoto na kubonyeza alichokiona cha kijani, na hakikuwa cha sauti tu. Kioo kikajaa uso wa Zeeshan.

"Haloo, Zeeshan mwanangu," akasema Masolwa. "Mimi baba yako mdogo."

Zeeshan aliacha kutafuna. Alikuwa amesimama karibu na friji, na mkononi kopo la maharage na uma. Huko kwao ndio kumekucha. "Baba yuko wapi?"

"Huyu hapa, anakula na ukoo." Masolwa akaizungusha simu kuwaonyesha wote, na kila mmoja akapunga mkono ulio safi.

"Baba, hao ni nani?"

Kabla Malek hajajibu, mama Najiat akauliza lake. "Mtoto, mbona unakula umesimama? Kaa chini ule."

"Hapatoshi, mama. Tuko wengi hapa."

"Wengi gani? Mbona hatusikii hata kijiko?"

"Geuza simu tuwasalimie," akasema Julieth.

Zeeshan akaangalia pembeni. "Wamelala."

"Wako wengi, wamelala wote, na pa kukaa hapatoshi," akasema Masolwa. "Wamelala wamesimama?"

Watu wakacheka. Malek hakucheka. Aliusikia uongo ule akautambua palepale, maana ulikuwa wake. Ni yeye aliyeufuga, akaulisha kila Alhamisi, na kumbe mwanawe naye alikuwa na dume lake. Akamtazama Gaudensia na mkoba wake. Kilichobaki ni kunyamaza tu. Nesi amewaona saba, wa nane yuko njiani, kofi limepigwa, na duka halifungwi. Angenyamaza, angebaki Tabora.

"Nipe simu," akasema. Akaishika kwa mkono ule wenye wali.

"Zeeshan, hawa si ndugu zangu. Nimewakusanya jana barazani. Huyu mzee anayejiita mwanangu amenizidi miaka saba. Mimi nakula peke yangu tangu mama yako alipoondoka. Nakaa upande wangu, kisha nakaa upande wako, kisha wa mama yako, nakula vya wote, na sukari imepanda, na nesi huyu hapa ndiye aliyeipima. Sasa daktari ametaja neno. Ukitaka kuja kunichukua, njoo. Lakini usiniambie tena mko wengi."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Dionis alivua kofia.

Zeeshan akaliweka chini kopo la maharage. Kisha picha ikayumba, ikageuka. Palikuwa na jiko dogo, na meza, na kiti kimoja, na juu ya kiti koti. Basi.

"Niliposema nakuja kukuchukua," ikasema sauti yake, bila uso, "niliogopa utaugua, ndiyo. Lakini si hilo tu. Baba, huku nikifungua mlango hakuna anayeuliza nani huyo. Miaka saba sasa. Nilitaka uje uulize."

Malek alilia mbele ya watu, na pua ikatiririka, na hakuwa na mkono safi wa kuifuta. Julieth akamfuta kwa upande wa kanga yake, kama mkwe hasa.

"Nesi," akasema Malek alipoweza, "nilikudanganya."

"Nilijua tangu kwenye hema," akasema Gaudensia. "Mtu anayetoka nyumba ya watu wanane hapangi foleni mara tatu. Nilitaka nione utafanya nini." Akachukua simu, akaifuta wali, akaiegemeza kwenye chupa ya chai, pale penye nafasi tupu. "Zeeshan, mimi ni nesi wa baba yako. Toa koti kwenye kiti ukae. Halafu wiki hii nenda kapime na wewe sukari yako, na unipe majibu."

Picha ikageuka tena. Zeeshan akatoa koti, akakaa. Mama Najiat akamwagiza aonje chumvi kwanza, yeye ambaye alikuwa ameijua desturi hiyo kwa muda wa dakika arobaini. Zeeshan akainuka, akatafuta chumvi, akaonja.

"Bado utakuja kunichukua?" akauliza Malek.

Zeeshan akazungusha macho kwenye jiko lake, polepole, ukutani, dirishani, kwenye ule uma. "Nikuchukue nikupeleke wapi, baba?"

Wakala. Na kwa kuwa mtu haondoki wengine hawajamaliza, watu saba wa Tabora walikaa kulizunguka sinia lililokwisha kufutwa likang'aa, wakimngoja mtu mmoja wa Toronto amalize kopo la maharage, na alikuwa anakula taratibu, Mungu amsamehe. Wateja wa asali waligonga barazani wakachoka. Fikiri alibanwa na mkojo na akavumilia. Masolwa alimweleza Zeeshan kuhusu kikombe cha maji ambacho hakikupita kwa miaka kumi na moja, na alipomaliza akaanza upya kwa faida ya nesi. Gaudensia alikuwa na nyumba nyingine tatu za kupita mchana ule. Alikuwa ameshavua viatu.

Hatimaye Zeeshan akaweka uma chini. Alikuwa amechelewa kazini na ilionekana hataki kusema. Akasogea karibu na kioo mpaka ikabaki pua na macho.

"Baba," akasema, "Alhamisi ijayo naweza kukaa tena hapo?"

"Kwani kesho huli?" akasema Malek.